Mama Mkwe na Pampu za Matisi

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua. Nakichukua kile kituo cha mafuta. Miaka yote hii nimekaa kando ya ukuta wake nikiziba panja za magurudumu ya watu. Sasa nitakaa ndani, kwenye kiti, chini ya feni. Kituo kimefungwa tangu mpangaji wa mwisho ahame bila kuaga. Pampu zipo, paa lipo, na hapa Matisi magari hayakatiki: boda boda, malori ya mahindi, pikapu za maziwa. Wote wanapita mbele ya pampu zilizokauka, wanaenda kutafuta mafuta katikati ya Kitale. Ni aibu kwa mtaa mzima.

Aliyenifanya niamue leo ni Kipyegon. Huyu ni mwenyekiti wa boda boda wa steji yetu, mtu wa kuvaa koti la suti kwenye vumbi. Alikuja asubuhi, akajaza upepo gurudumu la mbele, hakulipa, halafu akaniambia kwa upole kabisa ati anaongea na mwenye ploti. Akipewa kituo, hapa kwangu patakuwa pa kuegesha magari. Nikamuuliza mimi niende wapi. Akasema Kitale ni kubwa.

Kitale ni kubwa! Panja hii ndiyo imesomesha watoto wangu. Nikiondolewa kwa huu ukuta sina kazi nyingine ninayoijua, na wateja hawatanitafuta vichochoroni. 

Jumatano, 5 Februari

Nimetoka Kachibora kumwona mwenye ploti, Mzee Kiptum. Mkulima, mtu wa taratibu. Alinipa mursik, yale maziwa yao ya mgando, akauliza habari za watoto, akauliza kama kwetu kumenyesha. Kisha akaniambia Kipyegon alikuwa amekaa kwenye kiti hichohicho jana.

Mzee hana haraka ya pesa. Anachotaka ni mtu mwenye mgongo. Mpangaji wa mwisho alikuwa na maneno mengi na hakuwa na kitu nyuma yake. Safari hii anataka mwenye shamba, mwenye mali inayoonekana, mtu ambaye hawezi kuhama usiku mmoja. Akaniuliza mimi nina nini. Nikasema nina kompresa ya upepo. Mzee akacheka kidogo, akaniongeza mursik. Amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepata! Akili yangu wakati mwingine inanitisha mwenyewe.

Mama Nakhumicha wa Ndalu. Mama mzazi wa mke wangu Nangila. Mjane, ana shamba, ana trekta, ana ghala la mahindi ambalo hajalifungua kwa sababu anangoja bei. Mgongo gani mwingine Mzee Kiptum anataka? Nitaingia naye ubia.

Na utamu wa jambo uko hapa. Sisi Wabukusu, mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana mpaka hawaonani. Hakuna kupeana mkono. Hakuna kukaa nyumba moja. Yeye akitokea huku, mimi napitia kule, hata kama kule ni ndani ya ua la miiba. Tangu nioe, mama mkwe namjua kwa mgongo na kitambaa cha kichwa. Sasa fikiria mbia wa namna hiyo! Analeta jina na mtaji, halafu hawezi kukanyaga pale nilipo. Watu wengine wana wabia wanaowapumulia shingoni kila siku. Mimi wangu atakuwa Ndalu.

Nangila hakufurahi. Akanikumbusha mambo ya mbuzi. Kuna mbuzi ambaye mkwe hupeleka kwa mama mkwe, akiwa na wazee, ili ile aibu iondoke na watu waanze kusalimiana kama watu. Nimeahidi huyo mbuzi tangu tuoane. Mwaka jana alikuwepo kabisa, tukamla Krismasi. Nangila akasema mama yake angependa kuingia nyumbani kwa binti yake hata mara moja, anywe chai akiwa ameketi, badala ya kuletewa wajukuu barabarani. Nikamwambia tungoje biashara ichangamke kwanza. Mbuzi kwa sasa atatuharibia.

Jumapili, 9 Februari

Ndalu. Mazungumzo yamekuwa mazuri sana.

Mama alikuwa ndani ya nyumba. Mimi nilikaa nyuma ya ghala, na kuku. Nangila akawa anatembea katikati akibeba maneno. Mama akauliza kituo kiko upande gani wa Matisi. Nikajibu. Akauliza nani atashika funguo. Nikasema mimi. Akauliza yeye ataonaje kazi inavyokwenda. Nikatuma jibu kwamba asijisumbue hata kidogo, habari zitamfikia kupitia kwa binti yake.

Nangila akakawia huko ndani. Nikaogopa. Kisha Nangila akarudi na swali jipya: je, pale kituoni kuna kivuli? Nikasema kipo tele, lile paa ni kubwa kuliko la kanisa letu. Akarudi tena: je, kuna mahali pa kukaa? Nikasema kuna kiti kizuri cha mto. Nikaguswa, bana. Mama wa watu ananihurumia nisichomwe na jua.

Amekubali. Akanitumia kuku mzima nyuma ya ghala, na firigisi, kipande cha heshima, ikiwa juu. Nangila alikuwa ananiangalia nikila kwa namna ambayo sikuielewa.

Alhamisi, 13 Februari

Mzee Kiptum aliposikia jina la Mama hakuuliza swali la pili. Kumbe anajulikana mpaka Kachibora. Kituo ni chetu, imebaki kutia sahihi.

Nimewaambia watu wa steji kwamba kuanzia sasa wasiniite fundi, waniite dairekta. Kipyegon alisikia akaja na koti lake. Alinipa mkono, akanipongeza, akauliza kama steji yake itabaki pale mbele. Nikamwambia Kitale ni kubwa.

Sijalala vizuri hivi tangu nioe.

Jumanne, 18 Februari

Bungoma mjini, kwa wakili. Anaitwa Wakiuru, kijana bado, haraka nyingi. Ofisi iko ghorofani. Mama na Mzee Kiptum walikuwa ndani tayari, basi mimi nikabaki chini barabarani karibu na mama wa maandazi. Wakili akatoa kichwa dirishani akaniita nipande. Nikasema siwezi. Akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nangila akamweleza. Wakili akasema ati yeye hajawahi kusikia mtu akitia sahihi barabarani. Nikasikia Mzee Kiptum akimwambia aniache, hata kwao kuna heshima za namna hiyo.

Ikawa wakili anasoma ndani, na yakitokea ya kuniuliza anakuja dirishani. Mwishoni akaja na hili:

"Mama anasema yeye ndiye atakuwa anashinda kituoni. Una neno?"

Nilikuwa nalo. Lakini papo hapo nikasikia viatu vya mwanamke vikishuka ngazi. Mama anakuja! Nikapiga kelele kwamba sina neno, nikakimbia kuzunguka jengo, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Kumbe alikuwa ni mtu wa kuleta chai. Niliporudi Nangila alikuwa na karatasi na kalamu, nikatia sahihi juu ya beseni la maandazi.

Nimefikiria njiani. Ati atashinda kituoni! Na ng'ombe nani atawaangalia? Na trekta? Hayo ni maneno ya kumridhisha wakili tu.

Jumatatu, 3 Machi

Tumefungua.

Nilinunua koti, zuri kuliko la Kipyegon. Pasta akaomba. Wateja wakapanga foleni hadi barabarani. Nikashika pampu mwenyewe, nikaanza na boda ya kwanza, watu wakapiga makofi. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika.

Pikapu ikaingia kutoka upande wa Ndalu. Nikaona kitambaa cha kichwa. Nikaona mwavuli, chupa ya chai na mkoba wa kufuma.

Niliacha pampu kwenye tangi la boda. Niliruka ukuta wa nyuma, koti likabaki kwenye msumari, mimi nikaangukia kwenye sukuma wiki za jirani. Nikangoja aondoke. Akakaa. Alikaa kwenye kile kiti cha mto, chini ya kile kivuli, mpaka jioni. Nangila alikuwa akimletea chai na wala hakuonekana kusikitika.

Alhamisi, 6 Machi

Anakuja kila siku! Shamba amemwachia shemeji yangu. Ameniletea ujumbe kwamba nisijisumbue, yeye hachoki.

Nimejaribu kuwahi. Yeye huwahi zaidi. Leo nikavaa helmeti ya boda yenye kioo cheusi, nikaingia kama mteja, ili nione angalau mauzo ya dizeli yanaendaje. Mama akanijua kwa mwendo. Alijifunika leso uso mzima, akageuza kiti, akatazama ukuta, maskini, mpaka wateja wakadhani amefiwa. Watu wawili wakampa pole. Mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa akijaza mafuta akanifuata hadi nje akinikemea ati namvunjia mkwe heshima mbele ya watu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 10 Machi

Mama amesema kituo kinahitaji meneja. Mtu wa hapo hapo Matisi, anayejua waendesha boda, na zaidi ya yote, mtu anayeweza kusimama mbele yake akaongea naye bila kukimbia.

Amemwajiri Kipyegon.

Kipyegon si mkwe wa mtu yeyote Ndalu. Anamsalimia kwa mikono miwili, anamwita Mama, anamfungulia mwavuli. Amekaa chini ya feni yangu. Na kitu cha kwanza alichomwomba ni ruhusa ya kuniondoa pale ukutani ili pawe pa kuegesha magari.

Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia yote. Nilisikia pia jibu la Mama.

"Huyo ni baba wa wajukuu wangu. Hatoki."

Machozi yalinitoka, nakiri. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona uso amenisimamia kuliko ndugu zangu wa damu. Nikamwomba Nangila amwambie asante. Akarudi na mpango: kwa kuwa mimi natakiwa kubaki, na yeye anabaki, na hatuwezi kuonana, tumewekewa ukuta wa mabati. Mabati yamefika mchana. Sasa panja iko nyuma, hakuna anayeiona kutoka barabarani. Mpira wa upepo unapita kwenye tundu. Mteja akija, Kipyegon anagonga bati.

Jumamosi, 15 Machi

Mbuzi! Kwa nini sikufikiria mapema?

Nimenunua beberu mkubwa sokoni Ndalu, mweupe, wa kupendeza. Nikachukua wazee. Tukafika kwa Mama tukiwa wasafi, mimi nimeshonesha koti. Aibu ikiondoka leo, kesho nakaa kwenye kiti changu na kuongea na mbia wangu uso kwa uso. Kipyegon atarudi steji.

Tulikalishwa nje ya lango. Nangila akaingia. Nilisikia wanawake wakicheka huko ndani, wakacheka muda mrefu. Nangila akatoka akijifuta macho.

"Mama anasema mbuzi ni mzuri sana," akaniambia mbele ya wazee wote. "Lakini tungoje biashara ichangamke kwanza."

Wazee wakasema ni neno la busara. Walikuwa na njaa, ikabidi niwanunulie chakula. Nimerudi Kitale na beberu.

Jumanne, 18 Machi

Nimemfunga beberu nyuma ya mabati. Leo amekula viraka vyangu vya tyubu. Kipyegon amegonga bati mara nyingi, kazi imekuwa nyingi kuliko zamani, sijui kwa nini, labda kwa sababu kituo kinafanya kazi. Chai ya Mama inanifikia kupitia tundu la mpira, kikombe kimejaa, na sukari vile napenda. Bado si udairekta.

Lakini nimepata wazo, na hili halina kasoro. Ng'ambo ya barabara kuna ploti ya kuoshea magari, inatafuta mpangaji. Mwenyewe anataka mtu mwenye mgongo. Sasa, mama mdogo wa Nangila, Sellah, yuko Tongaren. Ana ng'ombe wa maziwa kuliko mtu yeyote kule. Naye pia kwangu ni mkwe. Haruhusiwi kuniona! Na huyu ana kazi nyingi, hawezi kuacha ng'ombe.

Nilipomwambia Nangila alikaa chini kwanza. Kisha akauliza kama aagize mabati mengine kabisa au yatatosha haya. Mambo ya biashara hayamwingii, namsamehe. Nikamwomba ampigie simu Sellah, akapiga.

Sellah amesema yuko tayari. Hana masharti yoyote. Ameuliza tu kama pale kuna kivuli.

Nimemwambia Nangila ajibu kipo tele.