Jiwe la Kambove na Suruali Yangu

Sina uso tena hapa Likasi. Nitawaambia, lakini mtu asicheke.

Mnamjua Mujinga wangu. Leo wazazi wake walikuwa wanipe jibu: binti wananipa, ao wananinyima. Lakini miye ni mwalimu wa kemia, asubuhi nilikuwa na darasa, na mizani ya shule ilishaenda na waporaji. Nikaazima ya mama yake, anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele. (Ndiyo, ilinuka.)

Nikamimina asidi ya batiri ndani ya chupa. Ndani ya puto nikatia unga wa lile jiwe la kijani lenye shaba, la machimbo ya Kambove. Mdomo wa chupa nikauvisha puto, nikaweka yote juu ya mizani, nikaisawazisha kwa mawe.

"Muangalie mizani!" nikawaambia wanafunzi.

Nikainua puto, unga ukashuka. Mama wee! Povu likapanda, puto likavimba lenyewe, na jiwe la kijani likageuka maji ya bluu, bluu ya kukutoa machozi. Na mizani? Haikutikisika! Vitu vikiungana, uzito hauzidi wala haupungui: sheria hiyo nimeifundisha miaka yote, kwa chaki tu. Leo nimeiona. Mwili ulinisisimka, nikakaa juu ya meza.

Palepale asidi ilipomwagika wakati wa kumimina. (Nilisikia inawasha kidogo. Nikafikiri ni furaha.)

Nikatembea juani mpaka kwao Mujinga kurudisha mizani. Baba yake yuko uani. Nikachuchumaa kupiga makofi ya heshima, kama mukwe anavyotakiwa. Praaa! Suruali, asidi ilishaila, nyuma yote ikaachia. Na nani alikuwa anakuja nyuma yangu na kikombe cha maji? Mama mwenyewe!

"Yesu wangu!"

Kikombe chini. Akajifunika uso na kitenge, akakimbilia ndani. Nikajua Mujinga nimemkosa. Nilitaka kulia, wallahi.

"Baba, munisamehe. Naenda."

Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Unaenda wapi? Ungekuwa muntu wa kupita njiani, mama angekucheka tu. Kwa desturi yetu, mama anakimbiaka mukwe wake tu!"

Na kutoka ndani, nyuma ya mlango, sauti ya mama: "Mumupe kitenge, mukwe wangu asipigwe na baridi!"

Basi, mke nimempata kwa matako. Mchungaji wetu asijue.