Nilikuja na Hofu Moja, Mkanirudisha na Tano

Kwa Mganga Mkuu,
Hospitali ya Macho.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUONGEZEWA HOFU BILA RIDHAA YANGU

Mimi ni fundi viatu mstaafu, wateja waliniita Babu Gundi na jina likaganda. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa herufi kubwa, kwa sababu ndogo sizioni. Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, la kushoto linasaidia kulea. Mwezi jana niliuamkia mtungi wa gesi uliosimama kwenye ujia wenu, nikaudhika haukuitikia.

Nilipangiwa kupasuliwa Jumanne. Asubuhi yake nesi akaleta fomu ya Kizungu, nitie alama kwenye kisanduku kinachoeleza hofu yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuja na hofu moja tu, ya kisu. Nesi, binti mwenye adabu, akanieleza kwamba Wazungu wanazo nyingi na kila moja ina kazi yake. Anzaiti ni ya jambo ambalo halijafika lakini limeshakunyima usingizi. Fia ni ya jambo lililo mbele yako, tuseme mbwa asiyefungwa. Tera ni mbwa huyohuyo akishakukamata suruali. Paniki ni pale miguu inapokata shauri bila kukushirikisha. Fobia ni kumwogopa mbwa aliye kwenye picha. Daktari, kabla ya somo hilo nilikuwa nakuogopa wewe peke yako. Baada yake nikawa naogopa na mbwa.

2. Shule nilifika darasa la nne. Mwalimu wetu alichapa kwa kila swali lililoachwa wazi, jibu baya lilikuwa na nafuu. Basi nikatia alama visanduku vyote vitano, nikarudisha fomu kwa maringo. Nesi akauliza kama nina hakika. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi siachi nafasi." Kumbe kwenu anayezidisha viwili hapasuliwi mpaka aonane na mshauri. Nikafutwa kwenye orodha, nirudi baada ya miezi mitatu. Nimefaulu mtihani mara moja maishani, nao umeninyima jicho.

3. Huyo mama mshauri alinipa karatasi nichore hofu yangu. Nikachora. Akauliza huyu aliyejishika kiuno ni nani. Nikasema ni mke wangu, siku niliporudi nyumbani sijapasuliwa. Akachukua kalamu, akaongeza kisanduku cha sita.

4. Anayeumia hasa ni huyo mke. Ananisomea, ananikata kucha, ananifunga vifungo. Juzi nimetia chumvi kwenye chai yake kwa mara ya pili, akainywa yote kimya. Akigomba sina neno, tumezoeana. Akinyamaza, sijui niite tera au niite nini.

5. Kwa hiyo naomba fomu ibaki na swali moja, Unaogopa?, na jibu lake lipigwe chapa kabisa: Ndiyo. Kama hamtaki, basi tupangwe kwa haki. Yawepo mabenchi matano, wa paniki wakae mbali na mlango. Kila hofu iwe na kidonge cha rangi yake. Na daktari mpasuaji naye ajaze fomu, ibandikwe ukutani tuisome kabla hajashika kisu. Akionekana na kisanduku hata kimoja, tunaondoka naye.

6. La mwisho, nirudishiwe siku yangu haraka, bila fomu. Zikipita siku saba kimya, nitakuja kukaa hapo mapokezi niwafundishe wagonjwa wapya habari za mbwa.

Wasalimu nesi na mama mshauri, na yule mlinzi wa getini ambaye hunishika mkono kunivusha ngazi bila kuuliza naogopa kwa namna gani.

Ni mimi mtiifu, ninapoona njia,
Babu Gundi

N.B. Kabla sijafunga bahasha simu imelia. Mke wangu ndiye aliyepokea. Nesi amesema nafasi imepatikana Jumatatu saa mbili asubuhi, fomu haihitajiki tena. Mke wangu amejibu kwamba nitakuja, hakuniuliza, sasa anapiga pasi shati langu huku anaimba. Miaka sijamsikia akiimba.

Daktari, nayafuta yote niliyoandika hapo juu. Naomba ile fomu, tena yenye visanduku zaidi. Vile vitano nimevipitia upya, na cha sita pia, sikuona cha mtu anayehofia kwamba bandeji itafunguliwa na asimwone mkewe. Nimemwambia mwenyewe, akasema, "Utaniona. Miaka arobaini sijasogea."

Hata hivyo kiongezeni. Nitatia alama hicho peke yake, kisha mnipasue upesi, kabla sijapata nafasi ya kuandika barua nyingine.