Mkojo Safi kwa Wajawazito

Mtaa mzima ulimwita Koti, kwa sababu ya koti jeupe alilouziwa na muuza nyama mmoja aliyeacha kazi. Alilifua mpaka akachoka, doa la kifuani likagoma kutoka, akalifunika kwa kalamu mbili. Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa afya.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, si kwa ugonjwa bali kwa kivuli, masikio kayaacha wazi kama mlango wa duka. Pembeni yake mke wa mwoka mikate alikuwa akimnong'oneza fundi cherehani.

"Wanachovya kijiti kwenye mkojo. Kikibadilika rangi, una kisukari cha mimba. Basi, keki kwaheri, soda kwaheri."

"Na mama mkwe atapata la kusema: mwanangu kaoa mgonjwa."

Koti akakohoa kitaalamu. "Dada zangu, mnahangaika nini na mimi nipo? Ninao mkojo safi. Umethibitishwa."

Mali ilitoka nyumbani kwake. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, mwembamba, hana hata mafua. Koti alibeba vichupa akimwambia, "Nakupelekea kwa daktari, mke wangu, usije ukachoka na foleni." Jioni alirudi na majibu: "Daktari anasema uko safi kabisa." Mke akamshukuru Mungu kwa kumpa mume anayejali.

Mwanzoni wateja walipita bila tatizo, na sifa zikaenea chini kwa chini. Miezi miwili baadaye wateja walikuwa watano, na kiwanda nacho, kwa baraka zisizoelezeka, kikaongeza uzalishaji. Mke alishikwa na kiu ya ajabu, akawa anamaliza maji jagi kwa jagi na kushinda chooni. Mume mwingine angeuliza kulikoni. Koti alinunua vichupa zaidi.

Siku ya kliniki ikafika. Vijiti vitano vikabadilika rangi, vyote sawasawa. Muuguzi, mwanamke asiyependa maajabu, akawachoma vidole wote kupima damu, kisha akafunga mlango.

"Mkojo wenu umejaa sukari. Damu zenu hazina tatizo. Huu mkojo ni wa nani?"

Haikuchukua muda, Koti akaburutwa ndani kwa kola.

"Umetuuzia mkojo mbovu!" alifoka mke wa mwoka mikate. "Rudisha hela zetu!"

"Dada yangu, bidhaa imetoka kwa mtu mwenye afya tele. Nakula naye sahani moja!"

"Ni mjamzito?" muuguzi akauliza.

"Miezi saba."

"Anakunywa maji sana siku hizi?"

Koti akaanza kuhesabu majagi kwa vidole, vidole vikaisha.

"Kisukari hiki huja na mimba, hata kwa mwembamba," muuguzi akasema. "Tukikijua mapema, tunampangia chakula, anatembea, anapimwa, na mara nyingi mama na mtoto wanatoka salama. Kikiachwa, mtoto hukua kupita kiasi, presha ya mama inaweza kupanda, tunaweza kuwapoteza wote wawili. Nani amekuwa akimpima?"

Koti alitoka mbio. Wateja wake wakaamini ametoroka na fedha zao, na siku nyingine yoyote wangekuwa wameamini sawa. Lakini alirudi akihema, koti kaliacha njiani, kamshika mkewe mkono, akaingia naye katikati ya wanawake wale wale. Alikuwa anaogopa, na safari hii hakuwa akiigiza.

Muuguzi akamchoma mke kidole, akasoma kipimo, akakirudia. "Tunaanza matibabu leo hii. Hatujachelewa sana. Lakini mama, kwa nini hukuja kliniki?"

"Mimi?" Mke alishangaa. "Mbona mimi napimwa kila mara? Mume wangu anaupeleka mkojo mwenyewe, na daktari anasema niko safi."

Hakuna aliyedai hela tena. Fundi cherehani akaangalia sakafu. Mke akawatazama mmoja mmoja, akaviona na vichupa mezani, vichupa alivyovijua. Kisha akamgeukia mumewe, akauliza taratibu, bila hasira bado:

"Daktari gani, mume wangu?"

Koti, aliyewahi kumuuzia kinyozi nywele alizozinyoa kinyozi mwenyewe, akajinyooshea kidole kifuani, pale lilipokuwa doa la koti.