Putre Yangu kwa Papa Anastase

Goma, Jumatatu, 4 Juni 1956

Papa Anastase anajenga duka hapa Birere, na dari juu ya kuwekea maharagi. Leo ametangaza: anayemutaka binti yake Donatille alete miti ya kubeba dari. Tuko wawili. Mimi, na Onésime seremala. Seremala! Ni kushindana na samaki kuogelea.

Onésime akaeleza bila kuulizwa. Putre ni moja, inalala juu ya kuta mbili. Solive ni nyingi, zinalala juu ya putre, na mbao za sakafu zinalala juu ya solive. Ati tofauti si unene, ni nani anabeba nani. Nikasema mimi naona zote zimelala, na mwenye kulala habebi kitu. Donatille akacheka. Alama ya kwanza! Hapohapo nikajitolea kuleta putre. Onésime aachiwe vijiti vyake.

Jumanne, 5 Juni

Muti munene hakuna. Pori lina mulinzi, mulinzi ana mbwa.

Lakini nyuma ya nyumba kuna muvure wa mujomba Munyakazi, gogo lililochimbwa kama mutumbwi, anamokamulia ndizi za pombe. Munene! Murefu! Na mujomba yuko Rutshuru. Shimo likiangalia juu, nani atapanda kulitazama?

Alhamisi, 7 Juni

Nimeshindilia majani ya migomba ndani, udongo juu, majivu juu ya udongo. Kazi safi. Walikuja wanaume wanne kubeba, wawili wakatosha. Onésime akauliza mbona nyepesi. Nikasema ni muti mukavu. Akauliza mbona muti mukavu unanuka kasiksi, pombe ya ndizi. Nikamujibu fundi wa kweli anatumia macho, si pua.

Putre imepanda. Papa Anastase ameniita mutoto wake. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu ili watu wengi wanisalimie.

Jumamosi, 9 Juni

Solive zimelazwa, mbao zimepigiliwa, magunia yakaanza kupanda. La kwanza, putre ikanyamaza. La pili, ikaguna. La tatu, kraa!

Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Ila kofia ya Papa Anastase ilijaa udongo na majani. Na nani anaingia wakati huohuo? Mujomba, anatafuta muvure wake! Akatazama juu, akalia: yoo, muvure wangu, nani amekupandisha cheo? Papa Anastase alicheka hadi akakaa juu ya gunia. Onésime hakucheka. Alikuwa ameshikilia solive zake kwa kichwa.

Jumapili, 10 Juni

Mujomba hasemi na mimi. Lakini baada ya misa Donatille alinipitia karibu, akaniambia chinichini kwamba Onésime hajamuchekesha hata siku moja. Tena baba yake amenipa nafasi nyingine: Onésime ataleta putre, mimi nilete solive moja tu. Moja! Ila, ameagiza, iwe na kitu ndani.

Nimetafakari sana. Kosa langu ni wazi kabisa: nilichukua kitu ambacho mujomba anakitafuta kila mara. Safari hii nitatumia akili. Kitanda chake kina miti miwili ya pembeni, imenyooka, migumu, haina shimo popote.

Na Jumanne anarudi Rutshuru.