Samaki Kumi za Kamera

Leo nimeaibika vibaya, na nawaandikia haraka kabla watu wa boti hawajawafikishia habari huko Kilwa, ngambo ya ziwa, na chumvi yao juu.

Munajua nafanya kazi ya karani kwa Mama Kapinga hapa Nchelenge. Mama ananunua samaki kwa wavuvi wa Kabuta, anaiweka kwenye barafu, anaipeleka Mansa. Sasa iko patron mumoja, tajiri mwenye maduka Kitwe. Alisema hawezi kununua samaki kwa mutu asiyemujua, na nafasi ya kufika huku hana. Basi atatuma watu wa kamera wapige picha ya kazi yetu. Akitazama kaseti na akipenda, atachukua samaki yetu kila juma. Mama akaniita ndani ya biro, ofisi yake, akafunga mulango.

"Paulo, kazi ya kutayarisha kampuni ni yako. Hii ikipita, depo ya Kitwe utaikalia weye."

Mimi, depo, Kitwe! Juma nzima sikupata usingizi (muke wangu alikuwa amekwisha kuchagua rangi ya mapazia).

Mwenye kamera, Bwana Phiri, alitutumia karatasi ya maagizo. Mahali pawe safi. Wafanyakazi wajue watafanya nini. Samaki iliyo bora iwekwe tayari. Nilifuata yote na kuzidisha. Nilipaka ukuta chokaa. Nilivalisha wapakiaji mashati yao ya kanisa. Mama Odette, mupishi wetu, nilimufundisha kupita na beseni bila kuangalia kamera. Kamera yenyewe hatukuwa nayo, tuliweka redio yangu juu ya pipa.

Halafu asubuhi ya leo nikaona nzi. Nzi kwenye kaseti ya Kitwe? Hapana. Nikapakia samaki yote kwenye kamyo, lori yetu ya Mansa. Nikabakiza kumi tu, kubwa, nilizichagua moja moja kwa mukono wangu, nikazilaza kwenye barafu na kuzifunika na gunia. Hizo ndizo za kamera. Kufika saa tatu kampuni ya samaki ilikuwa inanukia sabuni, na mimi najisifu.

Wageni walipaswa kufika saa nne. Walifika saa tisa, Bwana Phiri na mwenzake wa taa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Gari iliwafia njiani na tangu alfajiri hawajatia kitu mudomoni. Hapo, ndugu zangu, malezi ya mama yangu yakaniponza. Mugeni amefika na njaa, utaanza kumuonyesha ukuta? Mama Odette akasema iko maharagwe. Maharagwe, kwenye nyumba ya samaki! Wangetutangaza njia nzima mpaka Kitwe. Nikamuambia apike samaki, tena ile nzuri ya kufaa wageni. Akaniuliza kama nataka ile ya kwenye barafu.

"Sasa iko nyingine?" nilimujibu, tena kwa ukali (nilikuwa nafunga kravati shingoni).

Alipika zote kumi. Kwetu huwezi kupikia mugeni halafu wenye nyumba wabaki kumuangalia akitafuna. Tulikaa wote: wageni, wapakiaji, na Mama Kapinga mwenyewe kwenye kiti cha mbele. Bukari, ugali wetu, ya moto, muchuzi wa nyanya, pilipili. Mimi kama mutayarishaji nilipewa kichwa kikubwa kuliko vyote. Nilikinyonya mpaka macho. Nikasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba samaki kama hii hata Mansa haiko. Kila mutu alikubali.

Bwana Phiri akanawa mikono, akaweka kamera begani. Akasema jua linaenda na betri iko moja tu, basi tuanze na samaki. Nilitembea mpaka kwenye barafu na madaha yangu yote, nikashika gunia kwa ncha za vidole, nikageukia kamera, nikatabasamu, nikafunua.

Barafu.

Barafu tu. Ndipo kichwa changu kikakumbuka kitu ambacho tumbo lilikuwa linajua.

Nilikimbia kwa jirani yetu, Ba Mumba. Naye anauza samaki, tunagombania wateja walewale, na asubuhi ya leo nilimuagiza aondoe nyavu zake zisiharibu picha yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Samaki alikuwa nayo. Lakini akasema samaki yake haitembei peke yake. Akavaa koti, akaileta mwenyewe, akasimama mbele ya ukuta niliopaka mimi. Akaeleza kamera samaki yake, jina lake, na nyumba yake mutu aifikie vipi. Aliongea vizuri, siwezi kudanganya. Nyuma yake wapakiaji wetu walijipanga na mashati ya kanisa, vile nilivyowafundisha. Kule Kitwe wataonekana ni watu wake. Aliongea mpaka betri ikakufa.

Bwana Phiri alinionea huruma. Akipanda gari aliniambia samaki yetu ilikuwa tamu sana, bahati mbaya utamu hauingii kwenye kaseti.

Mama Kapinga hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniita karibu, akaniuliza polepole:

"Paulo, kile kichwa kikubwa, nani alikula?"

"Ni mimi, mama."

"Basi na depo umekula."

Akaingia ndani, akafunga mulango, safari hii mimi nikiwa nje.

Ndugu zangu, musinicheke. Mukivuka huku na mukinikuta njiani, munisalimie tu, tupitane. Musiniulize kama nilishiba.

(Nilishiba.)