Kivinjari Chenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maktaba kasema chumba changu cha kompyuta kinafungwa Ijumaa hii. Mashine kuukuu, mtu anasinzia akingoja ukurasa ufunguke. Shemeji, muuza kompyuta mpya, aliyempata dada yangu kwa maneno matamu hayo hayo, ameshaleta orodha ya bei. Kanipiga bega: pole shemeji, hata wewe umepitwa. Miaka kumi na tisa chumbani humu! Nikitoka nitakuwa nani?

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Kivinjari chepesi kama unyoya, cha bure, kinachokwenda kwenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, hata kwa mashine hizi kongwe. Kurasa zinafunguka kabla hujainua kidole! Tena msimbo wake, yale maandishi yanayokiendesha, uko wazi, ruksa yeyote kuubadilisha. Nimeubadilisha. Palipoandikwa jina la programu, nimeandika langu. Kosa liko wapi?

Jumatano, 5 Machi
Mkuu kaona, kashika mdomo. Akauliza fundi wa maajabu haya ni nani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu nilioufanyia mazoezi kiooni. Chumba kimepona! Shemeji kanuna.

Saa nane Mkuu akajaza fomu yake ya likizo. Kitufe cha kutuma, kimya. Akabonyeza, akabonyeza. Akasema si neno, bwana mtunzi, kitengeneze kabla ya kesho kutwa.

Alhamisi, 6 Machi
Msimbo ni msitu. Nimegusa mstari mmoja, kurasa zote zikawa nyeupe pe. Nimewaandikia watunzi wenyewe, kwa anwani niliyoikuta kwenye tovuti yao: ndugu zangu, nimemdanganya mkuu wangu kwamba kazi ni yangu, niokoeni, iwe siri. Wamejibu, waungwana kweli. Kwa makusudi hawakuweka vitufe vya aina hiyo, ndiyo siri ya wepesi. Nikiweza, nikaribie niviongeze.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe kila barua inayofika anwani ile hubandikwa mtandaoni, dunia nzima isome! Ndiyo desturi yao, mambo hadharani. Shemeji alitafuta jina langu tu, ikajitokeza. Kamletea Mkuu imechapwa. Mkuu hakufoka; bora angefoka. Alinyoosha mkono, akaomba ufunguo.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua. Mke kaniwekea chai. Nimewaza kutwa nzima: kilichoniponza ni barua ile tu. Ikifutwa, nitamwambia Mkuu aliitunga Shemeji. Nimewaandikia tena watunzi, anwani ile ile, nikawaeleza mpango wote kinagaubaga. Safari hii nimesisitiza mara mbili: ibaki baina yetu.