Kihisi cha Ng'ombe wa Mama Tumaini

Leo heshima yangu imebaki Gare. Mimi nimerudi Lushoto peke yangu.

Mnajua kazi yangu: nafunga vihisi. Vidude vidogo kuliko kiberiti, havina waya. Kimoja ukikichomeka shambani kinakwambia udongo umekauka. Kingine ukimvisha ng'ombe shingoni kinapima anavyohangaika. Akiwa kwenye joto, simu inapata ujumbe umtafutie dume. Ukichelewa, umekosa ndama. (Kwenye kazi sina utani.)

Ng'ombe wa kwanza kumvisha Gare ni wa Mama Tumaini. Tumaini ndiye binti ninayetaka kumuoa, na washenga wangu wanaenda kwao Jumamosi. Kwa hiyo kazi ile niliifanya kwa moyo wote. Wakati wa kusajili, simu ikadai jina la ng'ombe. Ng'ombe hana jina. Nikaandika la mwenye ng'ombe. (Nikajiona nina akili.)

Leo baada ya ibada wafugaji wakaniita uwanja wa kanisa niwaeleze. Shati nimelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe! Mbele kabisa wamekaa Baba Tumaini, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka, na mkewe ndani ya kitenge kipya. Nikawaamkia, "Shikamooni wazazi!" Nikashika kipaza sauti kama mhubiri.

Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, hako kadude kanajuaje? Kana macho?"

"Hakahitaji macho, bibi. Kanahisi. Na hakadanganyi!"

Makofi.

Hapo hapo simu ikalia. Ujumbe wa kihisi! Nilifurahi jamani, nikaona Mungu yuko upande wangu. Simu yangu inasoma ujumbe kwa sauti (kwa ajili ya wateja wasioona vizuri), nikaisogeza kwenye kipaza sauti. "Tusikilize wote!"

Sauti ya kike, taratibu, ikaenea uwanja mzima:

"Tahadhari. Mama Tumaini yuko kwenye joto. Hatulii. Mtafutie dume haraka."

Kwaya iliyokuwa inafanya mazoezi kanisani ikakata wimbo katikati.

Nikatafuta pa kuzima. Nikabonyeza pa kurudia.

"Tahadhari. Mama Tumaini..."

Mama Tumaini akajifunika kitenge usoni. Yule bibi akacheka mpaka akashikiliwa asianguke. Baba Tumaini akainuka polepole.

"Kijana. Mama Tumaini ana mume."

"Ng'ombe, mzee! Ni ng'ombe!"

"Mke wangu unamwita ng'ombe?"

(Ardhi ya Gare ni ngumu. Haikupasuka.)

Aliyeniokoa ni Mama Tumaini mwenyewe. Mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka! "Baba Tumaini, kaa chini. Ng'ombe wetu hajatulia tangu asubuhi. Kijana anasema kweli."

Mkutano mzima ukahamia bandani kwao. Tukamkuta ng'ombe analia, anapanda ukuta. Dume la jirani likaletwa, kazi ikaisha mchana huo huo. Wafugaji kadhaa wakaagiza vihisi palepale. Kila mmoja ananishika mkono: "Ila jina langu usiandike!"

Nikamsogelea Baba Tumaini, nikainama, nikauliza habari za Jumamosi. Akaniangalia kuanzia shati mpaka viatu.

"Tutakuita."

Basi msicheke. Kifaa kinafanya kazi, ng'ombe keshapata mwenzi. Mimi ndiye bado nasubiri simu.